Kidonge cha kijani kilichogeuka buluu: joto linafanya nini kwenye polima zinazopitisha umeme

KijaniKibichi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina jambo la maabara lililoninyima usingizi wiki tatu. Sasa nimelielewa kiasi cha kuweza kulieleza, ndiyo maana nafungua uzi huu. Nawalenga zaidi wanafunzi wa kemia mnaoanza mradi wa mwaka wa mwisho, lakini fundi yeyote wa umeme naye atapata chake humu.

Natengeneza polianilini. Kwa asiyeijua, hii ni plastiki inayopitisha umeme. Unayeyusha anilini kwenye asidi hidrokloriki, unaweka bika kwenye barafu, kisha unadondoshea amoni pasalfeti taratibu. (Vaa glavu. Anilini ni sumu na inapenya ngozi.) Mwanzoni unakaa unaangalia na hakuna kinachotokea. Halafu maji yanaanza kuingia ubuluu, ubuluu unakolea, na mara yanageuka kijani kizito. Ukigusa bika kwa nje unasikia imepata uvuguvugu ingawa imezungukwa na barafu. Unachuja, unaosha, unakausha kwa nyuzi 60 za Selsiasi, unasaga kwenye kinu, unaminya kwa presi. Unatoka na kidonge cha kijani kilichokaribia weusi, chenye mng'ao kidogo ukikigeuza kwenye mwanga.

Kidonge changu cha kwanza kilinipa 3.1 S/cm (simensi kwa sentimita, kipimo cha upitishaji umeme; namba ikiwa kubwa, kinapitisha vizuri zaidi). Nilifurahi sana. Kuna kazi iliyochapishwa mwaka 2002 ambapo watu wa taasisi mbalimbali, kila mmoja kwake, walitengeneza polima hii kwa utaratibu uleule, wakapata sampuli 59 zenye wastani wa 4.4 S/cm. Maana yake nilikuwa humohumo. (Shaba inakaribia 600,000 S/cm, kwa hiyo msije mkafikiria nyaya za nyumbani.)

Nikaandaa sampuli ya pili, nikaiweka kwenye oveni kwa nyuzi 60, nikaenda kulala. Oveni yetu inatumiwa na wengi. Usiku kuna mwenzetu alikuwa na haraka ya kukausha vyombo vya kioo, akapandisha hadi 150 na hakurudisha. Asubuhi nikakuta unga wangu upo, haujaungua, haujayeyuka, hauna harufu ya ajabu. Kwa uzito ulikuwa umepungua kidogo tu. Nikasema hakuna neno, nikaminya kidonge, nikapima. 0.02 S/cm. Nikapima tena. Nikabadilisha pini za kipimo. Ileile.

Sasa swali lililonisumbua ni hili. Vitabuni na kwenye ripoti nyingi unasoma kwamba polianilini "inavumilia joto hadi nyuzi 400", kwa kuwa ukiipima kwenye mizani ya joto, ile mashine inayopasha sampuli huku ikiipima uzito, mnyororo wake hauanzi kukatika vibaya mpaka huko juu. Imekuwaje basi yangu ife kwa 150?

Nitaendelea na jibu baada ya chakula. Aliye na la kuongeza aongeze.

MpitaNjia_Moro

Nimekaa hapa nasoma. Dada endelea.

FundiBodi

Mimi si mkemia, natengeneza laptopu na bodi za televisheni. Ila hiyo habari ya "haijaungua lakini imekufa" naifahamu sana. Nitarudi.

KijaniKibichi

Nimerudi.

Jibu lilianzia kwenye rangi. Niliposambaza ule unga kwenye karatasi nyeupe pembeni ya ule wa zamani, niliona tofauti ambayo ndani ya chupa sikuiona. Wa zamani ni kijani. Uliolala kwenye 150 una ubuluu. Polianilini inasema hali yake kwa rangi: ya kijani ni chumvi ya emeraldini, yenye asidi ndani yake, na ndiyo inayopitisha umeme. Ya buluu ni besi ya emeraldini, iliyopoteza asidi, na hiyo kwa umeme ni kama plastiki ya ndoo.

Asidi hiyo ndiyo dopanti. Hili ndilo jambo ambalo ningependa mtu angenieleza siku ya kwanza. Mnyororo wa polima peke yake haupitishi umeme wa maana. Unapitisha kwa sababu asidi imeshika kwenye zile naitrojeni na kuacha chaji zinazoweza kutembea. Asidi ikiondoka, mnyororo unabaki mzima, uzito unapungua kiasi tu, umbo halibadiliki, lakini umeme umekwisha.

Na asidi hidrokloriki ni gesi iliyoyeyuka kwenye maji! Ukiipasha inaondoka. Nilifanya jaribio dogo ambalo kila mwenye testi tyubu anaweza kulifanya: nikachukua unga mzuri wa kijani, kiasi cha ncha ya kijiko, nikautia kwenye testi tyubu kavu, nikabandika karatasi ya litmasi ya buluu iliyoloweshwa kwenye mdomo wake, nikapasha taratibu chini ya kifyonza hewa. Kwanza kuta za juu za testi tyubu zilipata ukungu wa maji. Litmasi ikatulia. Nikaendelea kupasha, na baada ya muda ukingo wa karatasi ukaanza kuwa mwekundu, wekundu ukapanda mpaka juu. Ile ndiyo dopanti yangu inaondoka, naiona kwa macho.

Kwa hiyo kwenye joto kuna hatua, na mizani ya joto inazionyesha ukitazama vizuri. Hatua ya kwanza, mpaka nyuzi mia na kitu, yanaondoka maji. Inafuata asidi. Mnyororo wenyewe unakuja kukatika mwisho kabisa, huko juu kunakoandikwa kwenye ripoti. Anayesoma hatua ya mwisho peke yake ataandika "inavumilia hadi 400", na kwa upande wa plastiki atakuwa amesema kweli. Kwa upande wa umeme amepotosha watu. Naomba sana, wenye kuandika ripoti, msichukue grafu ya uzito mkaisoma kama grafu ya umeme. Pasha, poza, pima kwa pini nne, ndipo useme.

Kipimajoto

Dada KijaniKibichi, umeeleza vizuri. Mimi nafundisha fizikia, niruhusu nirekebishe sehemu moja kabla watu hawajaondoka na wazo kwamba joto kwa polima hizi siku zote ni adui.

Kuna vitu viwili tofauti. Kimoja ni kupima kidonge *kikiwa na joto*. Kingine ni kupima kidonge *kilichopashwa kikapoa*. Wewe umezungumzia cha pili.

Kwa cha kwanza, chukua waya wa shaba, upashe, ukinzani unaongezeka. Elektroni zinatembea huru ndani ya metali, na joto linatikisa atomi zinazozikwamisha. Chukua kidonge cha polianilini, kipashe kutoka 25 hadi 60 au 70, ukinzani *unapungua*. Kinapitisha vizuri zaidi kikiwa na moto. Sababu ni kwamba chaji ndani ya unga wa polima haina barabara. Kuna visiwa vya mnyororo uliopangika na kati yake kuna vurugu. Chaji inavuka kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, na joto ndilo linalompa nguvu ya kuruka. Ukikipoza sana, mawe yanakuwa mbali mno. Fomula inayotumika sana ni ya Mott, ambapo upitishaji unafuata e kwa kipeo cha minus (T₀/T) iliyopandishwa kwa robo, au kwa nusu kwenye sampuli nyingine (T ni joto kwa kelvini, T₀ ni namba ya sampuli yenyewe). Mchora grafu atazame ni ipi inayonyooka.

Hali hii inarudi. Poza, na namba inarudi ilipokuwa, mradi hujavuka pale dopanti inapoanza kuondoka.

Na si sheria ya milele. Mwaka 2006 kikundi cha Kwanghee Lee, pamoja na Alan Heeger, kilionyesha polianilini iliyopangika vizuri sana ikipita 1,000 S/cm, na ukinzani wake uliendelea kushuka kadiri ilivyopozwa hadi kelvini 5, kama metali. Polima ni ileile. Kilichobadilika ni vurugu kuondolewa.

KijaniKibichi

Mwalimu, asante sana. Hapo umenifungua kitu kingine, kwa sababu nilipopima kidonge kizuri huku nikipandisha joto, namba ilipanda kidogo, ikafika mahali ikaanza kushuka, na nilidhani kipimo kimeharibika. Sasa naona ni mambo mawili yanavutana: kuruka kunarahisishwa na joto, na wakati huohuo maji yanatoka.

Maji nayo si ya kudharau. Polianilini yenye unyevu inapitisha vizuri kuliko kavu. Kwetu huku Pwani kidonge kikikaa mezani siku ya mvua kinasoma tofauti na siku ya jua kali. Nilipoanza nilikuwa nalinganisha vidonge vya masika na vya kiangazi bila kujua. Sasa vyote vinakaa kwenye desiketa (chombo kilichofungwa chenye kikaushio kinachonyonya unyevu) kabla ya kupimwa.

Mwanachuo_3

Dada, kama tatizo ni asidi kuondoka, si unairudisha tu? Chovya kwenye asidi, maisha yaendelee.

KijaniKibichi

Nilifanya hivyohivyo mdogo wangu, na hapo ndipo wiki ya pili ilipokwenda.

Nikachukua ule unga wa buluu, nikauloweka kwenye asidi hidrokloriki ya mola 1 usiku kucha. Asubuhi ulikuwa kijani. Nikashangilia. Nikaukausha kwa nyuzi 60 nikiwa nimekaa mbele ya oveni kama mlinzi, nikapima. 0.4 S/cm. Umerudi, lakini haukurudi wote. Kutoka 3.1.

Kilichobaki ndicho madhara ya kudumu. Kwa joto la nyuzi 150 na kuendelea, minyororo jirani inaanza kushikana. Ile sehemu ya mnyororo yenye umbo la kwinoni inashambulia pete ya jirani yake, linafungwa fundo kati ya naitrojeni na kaboni, na mahali palipofungwa fundo chaji haipiti tena kama zamani. Tena klorini nyingine haikuondoka kama gesi. Ilihamia kwenye pete ya benzini na kuganda hapo. Klorini ya namna hiyo si dopanti tena, na asidi utakayoongeza haitaiondoa.

Ushahidi wa mafundo niliupata kwa kiyeyusho. Besi ya emeraldini ambayo haijapashwa inayeyuka kwenye kiyeyusho kiitwacho NMP na kutoa maji ya buluu iliyokolea kama wino wa kalamu. Yangu iliyopashwa nilipoitia humo, maji yalipata ubuluu hafifu tu na chini vikabaki vipande vipande kama majani ya chai. Vilikaa siku mbili bila kuyeyuka. Minyororo ikishafungamana haiachani tena ikayeyuka.

Mwanachuo_3

Nimekuelewa. Sasa ufanyeje ili isipoteze dopanti?

KijaniKibichi

Badilisha asidi. Usitumie inayoruka, yaani inayogeuka gesi kirahisi ikipata joto. Asidi kubwa za salfoniki, kama asidi ya toluini salfoniki, ya kamfa salfoniki, au ile ndefu ya dodesili benzini salfoniki, haziondoki kirahisi kama hidrokloriki. Kwa polipiroli, plastiki nyingine inayopitisha umeme, ni hivyohivyo: iliyodopiwa kwa toluini salfoneti inadumu kuliko yenye kloridi. Polipiroli ina adui mwingine, oksijeni, inayoingia kutoka juu ya utando kwenda ndani, kwa hiyo utando mwembamba unachakaa haraka kuliko mnene. Ukiipasha ndani ya naitrojeni utaona inakaa muda mrefu zaidi.

Mama_Kopolima

Jina langu linajieleza, nimefanya kazi na kopolima (polima zenye monoma, yaani vipande vya kujengea mnyororo, za aina mbili au zaidi) miaka kadhaa, basi niingie.

Njia nyingine ya kuzuia dopanti isikimbie ni kuifunga kwenye mnyororo wenyewe. Mwaka 1990 watafiti Yue na Epstein walionyesha polianilini iliyotiwa makundi ya salfoniki moja kwa moja kwenye pete. Asidi ni sehemu ya polima, kwa hiyo haina pa kwenda kama gesi. Ilibaki inapitisha umeme hata kwenye maji yasiyo na asidi, jambo ambalo polianilini ya kawaida haiwezi. Gharama yake ni kwamba upitishaji unashuka kwenye 0.1 S/cm hivi, kwa sababu kundi lile ni kubwa, linasukuma pete na kuupinda mnyororo.

Kupinda ndiyo habari yote ya kopolima za anilini. Ukichanganya anilini na o-toluidini (anilini yenye kundi la metili kwenye pete), kila toluidini inaleta metili moja pembeni. Metili inagombania nafasi na pete ya jirani, pete zinageukiana, na chaji inapata shida kupita. Kadiri toluidini inavyozidi ndivyo upitishaji unavyoshuka. Unachokipata ni polima inayoyeyuka vizuri zaidi, unayoweza kuipaka kama rangi. Wengi wanatengeneza kopolima kwa sababu hiyo, halafu wanaandika kwamba "imeboreshwa kwa joto". Mimi huwa nauliza: joto la nini? Dopanti ile ile ya hidrokloriki ukiiweka kwenye kopolima, itaondoka vilevile. Kuongeza monoma ya pili hakuifungii asidi mlango kama yenyewe ni ya kuruka. Uwiano wa monoma, asidi iliyotumika, kama ilipashwa hewani au kwenye naitrojeni, na kwa saa ngapi, vyote viandikwe. Bila hivyo namba mbili hazilinganishiki.

Kipimajoto

Mama, nakuunga mkono. Nami niongeze upande ambao joto ni rafiki kabisa, maana kuna watu hapa wataogopa oveni.

Polyasetilini, iliyoanzisha haya yote na kuwapa Heeger, MacDiarmid na Shirakawa tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2000: ukiitengeneza kwa nyuzi 78 chini ya sifuri unapata utando wa rangi ya shaba, umbo linaloitwa "sisi" (cis). Ukiitengeneza kwa nyuzi 150 unapata wa rangi ya fedha, umbo la transi (trans), ambalo ni tulivu zaidi. Ukiupasha wa shaba, nao unageuka kuwa transi.

Au chukua politiofeni yenye mikia ya heksili. Utando wake una rangi ya zambarau iliyoelekea wekundu. Upashe, unageuka kuwa wa chungwa mpaka njano, kwa kuwa mikia inatikisika na kuupinda mnyororo. Uache upoe, rangi inarudi. Na mwaka 2005 kikundi cha Heeger kule Santa Barbara kilipasha seli za jua za polima hiyo iliyochanganywa na fulereni (molekuli za kaboni zenye umbo la mpira) kwa nyuzi 150 kwa nusu saa, ufanisi ukafika asilimia 5, ambao kwa wakati ule ulikuwa mkubwa. Joto liliipa minyororo nafasi ya kujipanga. Nyuzi 150 zilezile zilizoua kidonge cha dada. Polima ile haikuwa na dopanti ya kuruka, hiyo ndiyo tofauti.

FundiBodi

Nimerudi kama nilivyoahidi.

Kwenye bodi za kompyuta za siku hizi kuna kapasita zile za kopo la aluminiamu zisizo na plastiki ya rangi juu, zina mstari au nusu duara ya rangi tu. Ndani hazina maji, zina polima inayopitisha umeme. Zile za zamani za maji zikichoka unaziona: zimevimba kichwa, zimevuja. Hizi za polima hazivimbi hivyo. Laptopu inakuja inazimika ikipata moto, unatazama bodi, kila kitu kinang'aa. Ukitumia multimita ya kawaida kupima ufarad, iko sawa. Mpaka upime kwa kipimo cha ukinzani wa ndani ndipo unaona umepanda. Siku zote nilijua ni moto unaoziua, ila sikujua unaua nini. Leo ndio nimejua.

Swali langu: zimeandikwa saa 2000 kwa nyuzi 105. Ina maana baada ya saa 2000 imekwisha?

Mama_Kopolima

Ni kwa nyuzi 105 mfululizo, mkuu. Kanuni inayotumiwa na watengenezaji wa kapasita za polima ni kwamba kila ukipunguza nyuzi 20, maisha yanazidishwa mara 10. Kwa hiyo 2000 kwa 105 inakuwa 20,000 kwa 85, na 200,000 kwa 65. Za maji zinafuata kanuni nyingine, mara mbili kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo 2000 inakuwa 8000 kwa 85 na 32,000 kwa 65. Unaona faida ya polima inavyofunguka kifaa kikiwa baridi. Ukisafisha vumbi kwenye feni ya laptopu ya mteja, umeiongezea kapasita ile miaka.

Na kuna jambo zuri kwenye kapasita za tantalamu. Za zamani zina manganizi dayoksaidi, na pale penye kasoro pakipata moto, dayoksaidi inatoa oksijeni, tantalamu inawaka. Naamini umeshaona moja ikilipuka. Za polima, pale penye kasoro pakipata moto, polima ya hapo inapoteza upitishaji, mkondo unakatika mahali hapo tu, na kapasita inaendelea kufanya kazi. Udhaifu uleule uliomliza dada KijaniKibichi, hapo ndio usalama.

FundiBodi

Nimeziona zikiwaka, tena karibu na uso. Asante mama. Kuanzia sasa nikipiga bloa karibu na kapasita hizi nazikinga kwa foili kwanza.

KijaniKibichi

MREJESHO, siku nne baadaye.

Nimelijaribu lile la kubadilisha asidi. Nilichukua unga mmoja, nikautoa asidi yote kwa amonia ukawa buluu, nikaugawa mara mbili. Nusu nikaudopi kwa hidrokloriki, nusu kwa toluini salfoniki. Vidonge viwili, vikakaa desiketa moja siku mbili. Cha hidrokloriki 2.6, cha toluini salfoniki 1.9. Ukisimama hapo utachagua cha kwanza.

Jana saa nne asubuhi nikaviweka oveni kwa 150, na mlangoni nikabandika karatasi: USIGUSE. Saa kumi jioni nikavitoa, nikaviacha vipoe ndani ya desiketa, leo nimevipima. Cha hidrokloriki 0.05, na kingo zake zina ubuluu unaoonekana bila kuuliza mtu. Cha toluini salfoniki 1.2, bado kijani.

Mama, kesho naanza cha kopolima, toluidini asilimia 20. Cha kwanza nitakidopi kwa salfoniki, na nitaandika saa, hewa na uwiano kama ulivyosema.